Fundi wa Bendera, Malaba

Tatu za mwanzo nilizikuta,
alizishona marehemu mama mkwe
kwa cherehani hii hii ya miguu.
Mimi nilianzia kwenye jua la Rwanda,
miale ishirini na nne, nikaihesabu kwa kidole
mpaka usingizi ukanikimbia.
Sudan Kusini ilinitesa: rangi sita, na mdhamini wa malipo hapatikani.
Kongo ilipoingia nikanunua jora zima la buluu.
Somalia ikaja, jora lilikuwa limebaki;
nikakata, nikatia nyota moja nyeupe katikati.
Hakuna aliyegundua
kwamba nchi mbili zimetoka tumbo moja la kitambaa.

Bwana Emuria wa forodha ndiye huniletea habari:
"Mama Ikapel, mlingoti mwingine umechimbiwa."
Sasa ni minane.
Upepo ukivuma kutoka Tororo, zote huelekea kwetu,
ukivuma kutoka Bungoma, zote huelekea kwao.

Usiniulize mkataba unasemaje.
Najua foleni ya malori imefika Amagoro tena.
Najua trei za mayai za dada yangu Amoding
zilirudishwa chini ya bendera
nilizozipiga pasi mwenyewe.
Mayai yakarudishwa, Amoding akapita,
kitambulisho mkononi,
akaja kunikopa chumvi
na kunisimulia msiba wa ng'ambo,
maana sisi Wateso tunazikana kila upande,
na matanga hayana muhuri.

Waheshimiwa wanasema mlango uko wazi.
Sawa.
Ila kwetu mgeni akipiga hodi,
anayejibu karibu hutupia chungu jicho,
si kwa uchoyo, ni hesabu.
Siku ya tatu tunampa jembe,
na tunamwonyesha pia
ile sehemu ya shamba yenye mawe,
asije akasema tulimficha.

Jana Emuria kapiga simu.
"Moja zaidi itakuwa pesa ngapi?"
"Ya nchi gani?"
"Bado wanajadili."
"Rangi zake je?"
Kimya. Lori likapiga honi ndani ya simu yake,
honi ile ile ikaingia dirishani kwangu.

Nimekata kitambaa cheupe, mita mbili.
Nimekunja pindo pande tatu.
Upande wa nne una pini tu,
na pini zenyewe nimeazima Uganda.