Mdomo wa Bata

Kisanduku nimekifungua leo, baada ya misimu minne ya korosho.
Ndani: mahameli iliyoliwa na mende,
kiberiti kisicho na njiti,
na yeye, alto, kalala ubavu
kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa.

Masasi nzima walimwita mdomo wa bata.
Baba, Ponsiano Nampoto, karani wa mizani pale ghalani,
alimwita "huyu bwana" tu.
Nilipomuuliza kwa nini bruda amemweka
na filimbi za mti, hali ni shaba tupu,
alicheka mpaka akaweka kikombe chini.
"Sisi Wamakua, mtoto ni wa ukoo wa mama,
hata afanane na babaye mpaka kucha.
Huyu bwana kafanana na tarumbeta.
Lakini mamaye ni tete."

Tena ni mwongo.
Mwandikie do, kinanda kitasikia mi bemoli.
Mwongo mwaminifu:
kila siku anadanganya kwa umbali uleule.

Jumapili ilikuwa Ndanda, mbele ya Bruda Anzelmi na kijiti chake.
Karatasi, kola iliyopigwa pasi,
sauti ya mviringo isiyotikisika,
maji ya gilasi mkononi mwa mtu anayeogopa kumwaga.
Huko kwenye okestra kubwa, Baba alisema,
huyu bwana hana kiti chenye jina lake.
Huitwa kwa ukurasa mmoja,
husema sentensi yake, tamu, watu wakageuza shingo,
kisha hukaa, mikono magotini,
akisubiri wenye nyumba wamalize.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wale, miaka mia na ushei, jembe hawajampa.

Jazi ilimpa.

Jumamosi usiku, ukumbi wa ushirika, Lukuledi Jazi jukwaani,
vumbi la korosho bado limo masikioni mwa Baba,
na huyu bwana analima.
Anaanza na wimbo mnaoujua wote, kistaarabu,
halafu anauacha njiani.
Anainama chini ya noti
kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo,
anaibukia upande wa pili, kofia bado kichwani,
na nyinyi ndipo mnakumbuka kupumua.

Nilimuuliza anapenda ipi.
Akanionyesha mizani.
"Ndanda ni kilo. Kilo ni kilo, hata uwe ndugu yangu.
Hapa Masasi ni ile nyongeza,
konzi unayomtupia mteja baada ya kupima.
Asiyejua kupima, nyongeza yake ni hasara tu."

Mwaka ule wa foleni za sabuni, tete zikaisha.
Barua zilikwenda Ulaya, hazikurudi.
Baba akashuka Lukuledi, akakata mwanzi,
akauchonga kwa wembe, akausugua kwa jani la msasa
siku tatu, akiuonja kama chumvi ya mboga.
Jumapili akapuliza nao kipande cha Mfaransa fulani.
Sauti ikatoka na mikwaruzo,
kitu kama mchanga chini ya maji.
Kijiti kikasimama hewani.

"Nani amekohoa?" akauliza bruda.

"Mto," Baba akajibu.

Bruda akaitazama karatasi, muda mrefu,
kana kwamba huenda mto umeandikwa humo, yeye tu hakuuona.
Kisha akainua kijiti tena.

Kiberiti nimekifungua mwisho.
Tete lile la mwanzi limo, lina alama ya jino lake la juu.
Nimelilowanisha kwa mate yangu.
Ngozi za vifuniko zimekauka, mbili zinavuja;
nimeziba kwa kipande cha ndala.
Nikapuliza. Nikapata noti moja
na nusu ya nyingine.

Bi Somoe akachungulia juu ya ua:
"Jirani, ndama wako kapotea?"

Bado, nikamwambia.
Ndio kwanza namwita.