Thelathini na Nne

Barka, saa nane usiku. Joto halijalala.
Mitambo inameza bahari, inatema chumvi.
Kwenye skrini ya Zuwena tangi linasema 34.
Linasema 34 tangu saa saba.

Khelef wa zamu kashuka na tochi,
kaligonga kwa spana:
"Dada, hili limejaa mpaka shingoni!"

Kumbe programu haijafa. Inahesabu,
imeinamia hesabu kama mpishi juu ya chungu,
na mlangoni hakuna wa kuitikia hodi.
Kitufe ukikibofya, kimya.
Dirisha limepauka, macho wazi, halioni.

Akaigawa kazi.
Wewe wa jikoni kaa jikoni, pima, jumlisha,
usiuguse uso wa nyumba;
ukipata namba, mtume mtoto barazani.
Na wewe wa barazani usipike:
pokea, futa, andika. Pokea.

Akaiwasha. 97.
Halafu 98, bila pupa,
na Khelef huyo, mbio, vali mkononi.

Alfajiri mamake akapiga simu: Hujambo?
Nusura aseme lile la kila siku.
Akanyamaza kwanza, asome.