Kiganja Kimoja

Ghaniya, njoo nishikie ubavu wa pili.
Chomoa kwanza. Mkono mkavu, mwanangu.
Tulivute, taratibu,
gurudumu la nyuma lilivunjika mwaka wadi iliposhuka
tukalibeba watu watano hadi juu ya dari.
Hapo. Basi.

Unaona mgongo wake?
Mbavu nje, kama mbuzi wa kiangazi.
Hizo ndizo zinazotema joto,
na vumbi la Ibra halibishi hodi,
linaingia ndani ya kanzu iliyokunjwa,
ndani ya mdomo wa birika, kisha linakuja kulala hapa.
Likilala sana friji linahema,
linakoroma usiku kucha,
na bili ya umeme inakuja na meno.
Brashi ndiyo hiyo, ya rangi. Juu kwenda chini.
Maji usitie.

Sikulinunua mimi. Alilinunua Nuhman
kwa mshahara wa kwanza wa stoo ya mabomba.
Akalileta kutoka Ruwi juu ya pikapu,
limesimama, limefungwa kamba kama fahali wa mnada.
Polisi akamsimamisha: "Lilaze, litaanguka."
"Likilala, mafuta yatapanda kichwani."
Wakabishana saa nzima juani.
Alipofika nyumbani akakataa kuliwasha mpaka kesho yake,
nami nina beseni la samaki wa Sur
wameshaanza kunitazama vibaya.
Hiyo ndiyo ndoa yetu, ukitaka kuijua.

Mpira wa mlango, maji ya uvuguvugu na kitambaa,
hata mikunjoni, ndimo inamokaa ile sharubati ya wajukuu.
Kisha chukua noti ya baisa mia,
ifungie mlangoni, ivute.
Ikikataa, mpira mzima.
Ikiteleza kama ulimi wa mwongo, mwite Biju.
Biju hatakuibia. Mara tatu nimemwambia abadilishe kompresa,
mara tatu amecheka: "Mama, hii itanizika mimi."

Sufuria ya moto usiingize.
Friji si mjakazi wa kuupepea wali wako.
Na siku ya kuamkia Idi, nyama ya shuwa inapojaa rafu zote,
acha upenyo. Baridi nayo inataka pa kupita.

Ghalib anataka kuniletea jipya,
lina kioo mlangoni, linakwambia mayai yameisha.
Mimi mayai yakiisha najua,
nimeyala.

Sasa inama. Tazama ukutani.
Usifute!
Ni penseli hiyo. Kila mwaka alipolivuta aliandika.
*Vumbi, kilo nzima.*
*Mpira mpya, riali nne, wizi mtupu.*
*Raya kazaliwa, friji litangoja.*
*Limekoroma. Lilikuwa panya.*
Hapa mkono umeanza kutetemeka, unaona herufi zinavyopanda mlima.
Hapa patupu, ni eda yangu.
Na hapa patupu tena, mwaka mzima mwingine.
Eda ilikwisha zamani, nilikuwa na afya,
nilikuwa sitaki tu kuusoma ukuta.
Lilikoroma mwaka huo, Ghaniya. Nililiacha likorome.
Nyumba ilikuwa na mtu.

Kuanzia hapa chini ni mimi.
*Vumbi.*
*Vumbi.*
*Vumbi. Goti linauma.*
Sina maneno yake.

Haya, lirudishe. Si hapo! Umelibana.
Kiganja kimoja kutoka ukutani.
Chako kidogo, hicho cha kushikia sindano.
Kiganja chake kilifika hapa,
kwenye hii kigae iliyopasuka. Pima kwa kigae.

Chomeka. Usiguse kitu.
Dakika tano lipumue.
...
Umesikia? Limekohoa.
Huwa linakohoa, kisha linashika njia yake.

Penseli iko juu, nyuma ya kopo la bizari.
Andika tarehe kabla hatujalisukuma lote.
Jina usiandike,
mwandiko utasema.
Halafu nipe yale mabamia, yameshaanza kutoka jasho.