Wanane kwa Mujibu wa Fomu

Winnipeg, Januari. Nyuzijoto thelathini chini ya sifuri.
Wino umeganda kalamuni; naupasha kwapani
kama mgonjwa anayepimwa homa,
kisha naandika: ghorofa tatu, matofali, wapangaji wanane.
Wanane, alisema Bwana Dmytryshyn kwa simu,
na mwenye nyumba ndiye mwenye hesabu.

Naanza na ngazi. Baiskeli, kigari cha mtoto,
gunia la mchele, buti za theluji
zimejipanga kama foleni ya benki.
Njia ya kukimbilia imegeuka stoo.
Mlango wa dharura nausukuma kwa bega:
barafu imeung'ata. Nausukuma tena.
Naandika: "haufunguki."
Neno moja, halina bega ndani yake.

Ghorofa ya pili, king'ora cha moshi
kimevishwa kofia ya kuogea, ya plastiki, yenye maua.
"Kinapiga kelele nikikaanga ndizi," asema Nzigire,
"kinamwamsha mtoto, kinaniaibisha kwa majirani."
Namwelewa. Nami nimewahi kukaanga vitumbua
chumba kisicho na dirisha, nikipepea taulo darini
kama mtu anayemfukuza popo.
Lakini kofia naivua.
Ndani, mahali pa betri, patupu.
Betri imo kwenye gari la polisi la mtoto,
linazunguka sakafuni, taa zikimulika,
likimwokoa nani sijui.

Na huko chini, chini ya udongo,
ubavuni mwa tanuri la kupasha nyumba,
vitanda vitatu ambavyo fomu haivijui.
Dirisha moja, upana wa trei ya mayai.
Waya wa hita umepita chini ya zulia.
Naligusa: lina joto la paji la uso.
Vijana wa Gitega, wa zamu ya usiku, kiwanda cha kuku.
Mmoja, Ntwari, kasimama na mswaki mdomoni,
hasemi kitu, anaitazama kalamu yangu
jinsi watu wanavyoitazama sindano.

Nzigire alinifuata hadi nje, kandambili kwenye theluji.
"Dada, usiandike. Ukiandika, watafunga.
Wakifunga, hawa watoto wa watu waende wapi?
Moto huenda usije. Baridi imeshafika."

Hilo nalo halina kisanduku cha kutia tiki.

Nilikaa garini nusu saa, injini ikinguruma.
Kifungu cha nne kinasema chumba hicho kifungwe leo,
na kifungu hakidanganyi: nimeingia nyumba zilizochelewa,
naijua harufu ya godoro lililolowa maji ya zimamoto,
nalijua daftari la shule lililoungua pembe tu,
hesabu zote zinasomeka.
Niliandika.
Nilibandika karatasi nyekundu mlango wa chini,
na faini ya Dmytryshyn nikaipigia mstari mara mbili,
kalamu ikatoboa karatasi.
Betri nilinunua mwenyewe, duka la kona,
dola sita na senti. Hizo hazimo kwenye ripoti.

Ijumaa nilirudi. Ngazi nyeupe, tupu.
Mlango wa nyuma unafunguka kwa kidole.
Na chumbani kwa Nzigire, nyuma ya pazia,
magodoro matatu yameegemea ukuta
kama watu waliojificha wakasahau miguu.

Sikuuliza. Nilipanda kiti, nikabonyeza kitufe.
King'ora kikaipasua nyumba.
Milango, vishindo, kilio cha mtoto, matusi kwa lugha nne,
wote mbio hadi uani, kwenye theluji:
blanketi, viatu visivyolingana,
mtu kashika sufuria yenye mwiko,
Ntwari na mswaki wake, tena.
Sekunde arobaini na moja.

Niliwahesabu, mvuke ukiwatoka vinywani.
Kumi na mmoja.
Nikahesabu upya, taratibu, kwa kidole,
hadi mtoto mgongoni, hadi mwenye sufuria.
Kumi na mmoja.
Nikaifungua fomu.
Kalamu, Mungu ashukuriwe, ilikuwa imeganda.