Shamba Ndani ya Bilauri

Saa kumi na moja alfajiri, zamu yangu.
Napanga bilauri sita mezani,
maji ya Mabayani yaliyoingia usiku.
Jana yalikuwa chai ya mkandaa.
Leo ni uji.
Shabu kidogo, nakoroga, nangoja.
Tope linajikusanya, linazama polepole
kama mtu aliyekubali.
Mji wa Tanga bado umelala,
haujui kwamba umenusurika kuinywa Zirai.

Mimi najua. Nimezaliwa kule juu.
Nautambua udongo wetu hata ukiwa majini:
mwekundu unaokaribia zambarau,
una chembe za ulanga zinazomemeta.
Huo ulikuwa chini ya iliki za baba.

Baba hakuwa mtunza msitu, tuelewane.
Alikuwa mtu wa iliki, na iliki haipendi jua,
basi akaiacha mitambara na mishai iishikie mwavuli.
Iliki ilipochoka, na bei nayo ikachoka,
kaka yangu Mhando akawaita wenye misumeno.
Mtambara mmoja ulitoa mbao hamsini na mbili.
Ndiyo ada yangu ya chuo cha maji.
Kwa hiyo nikimlaumu, nalaumu huku nimeshika cheti.

Kisha mahindi, mistari iliyonyooka
toka mgongo wa kilima hadi mtoni,
kama mtu aliyeyachorea maji njia.
Mtajie matuta, atakunja uso.
Babu, akiwa bado Mlalo, alitozwa faini
kwa kukataa matuta ya mkoloni;
akahama na mke, jembe na kinyongo.
Jembe liliisha makali.
Kinyongo tulirithi kikiwa kipya.

Na mvua nayo si ile.
Vuli ya mama ilipima kwa kibaba:
manyunyu wiki nzima, ukungu, nguo hazikauki,
ardhi ikinywa kwa adabu.
Siku hizi Oktoba kavu, Novemba kavu,
nyufa za kuingiza mkono,
halafu usiku mmoja gunia zima linapasuka
juu ya kilima kilichonyolewa.

Haba na haba hujaza kibaba,
tuliikariri darasani hadi sauti zikakauka.
Hakuna aliyetwambia kuwa haba na haba
hujaza bwawa pia.

Juzi Mhando alipiga simu.
"Dada, mahindi yamekuwa manjano.
Nitumie ya mbolea, mifuko miwili tu."
Nilikuwa na bilauri ya tatu mkononi.
Nikaiinua kwenye taa.
Ulimi ulitaka kumjibu: mbolea yako ninayo huku,
imefika salama, na haikulipa nauli.
Nikasema, "Nakuja Jumamosi."

Nilichota ndoo moja ukingoni mwa bwawa,
si tope la tangini, lile lina shabu.
Mlinzi akauliza kama naiba.
Nikamwambia narudisha.

Mhando alitia kidole, akasugua, akanusa.
Hakusema neno.
Mkewe, Mwanjaa, ndiye aliyecheka:
"Ndoo moja, wifi? Mlima utaupandisha kwa ndoo?"
Kisha akazunguka nyuma ya jiko,
akarudi na mzigo wa vipando vya gwatemala
alivyokuwa ameomba kwa jirani tangu masika,
akavificha asije akagombana na mumewe.
Tulipanda mstari mmoja,
wa kukikata kilima, si wa kukiteremka.
Mhando alikataa kabisa kuuita tuta.
Aliuita malisho ya ng'ombe.
Ng'ombe hana.
Tukakubali.

Usiku huu imenyesha tena huko juu.
Bilauri sita, shabu, kijiko.
Uji uleule, na ulanga wake.
Naandika kipimo daftarini kwa wino,
na pembeni, kwa penseli,
mahali ambapo mkaguzi hatazami:
mstari mmoja.