Lumbesa

Mwaloni Kirumba, saa kumi na moja alfajiri,
mimi ndiye ninayeshika mizani.
Gunia la dagaa likiwa na lumbesa nalijua kwa jicho
kabla kamba haijakazwa.
Nimewarudisha wanaume wa Ukara na mizigo yao,
nikawaambia, punguza, kilo ni kilo.
Mimi, Nyanzobe binti Lugata,
sidanganywi hata na mchanga uliofichwa katikati ya dagaa.

Kisha nesi Kokuhumbya, zahanati ya Igogo,
akanipa daftari la mistari na hesabu yake:
kalori elfu moja na mia tano kwa siku,
sukari ya damu ishuke, magoti yapumzike.
"Andika kila kinachopita mdomoni."
Nikacheka. Kuandika ndiyo kazi yangu.

Wiki tatu niliandika.
Ugali, ngumi moja.
Sato wa kuchemsha, kipande.
Mafuta, kijiko kimoja.
Daftari likapendeza kama la kiranja wa darasa.
Uzito haukusogea hata kwa unyoya.

Nikamlaumu nesi. Nikalaumu ukoo,
shangazi zangu wa Magu na nyonga walizojaaliwa.
Nikalaumu hata maji ya bomba.

Mwanangu Ngolo akaleta mizani ya jikoni,
bapa, ya kioo, inatumia betri,
akaiweka mezani bila neno.
Ngumi yangu ya ugali: gramu mia nne na kumi.
"Mama, ngumi ya nani hii?"
Kijiko changu cha mafuta kilikuwa upawa.

Lumbesa, jamani. Jikoni kwangu mwenyewe.

Na yale ambayo sikuyaandika
kwa kuwa sikuketi kuyala:
mchuzi wa kuonja chumvi, mara tano,
na chumvi ilitosha tangu mara ya kwanza;
ukoko wa wali, nikisema naisaidia sufuria;
nusu ya andazi aliloacha mjukuu;
karanga za Bi Holo wa meza ya pili,
ambazo mkono huzichota wenyewe nikiwa naongea;
chai ya msibani, vijiko vitatu,
maana nani anahesabu sukari mbele ya wafiwa?
Nilidhani kinacholiwa kwa kusimama hakina uzito.

Sasa napima. Si kwa furaha.
Ugali unapoa nikisubiri tarakimu zitulie,
na mume wangu amekwisha nawa mara mbili.
Kuna siku jumla inafika elfu mbili na mia moja,
kalamu inajivuta pembeni,
inataka kuandika elfu moja na mia nne.
Naijua hiyo kalamu.
Nimeiona mikononi mwa wachuuzi wengi.

Jana mama alikuja kutoka Magu
na matobolwa kwenye fundo la kanga.
Akanipa moja, akanipa jingine,
akikaa kunitazama taya zinavyofanya kazi.
Sikuweza kumwambia mama yangu,
ngoja kwanza, weka hapo juu ya kioo.
Nikala.

Usiku, taa ikiwa imekatika, kwa mwanga wa simu:
matobolwa ya mama, hayakupimwa.
Kadirio, mia mbili.
Nikaitazama ile mbili.
Nikafuta, nikaandika tatu.