Uzito wa Lori Tupu

Kazi yangu ni mzani.
Lori linaingia tupu, naandika.
Linatoka na saruji, naandika.
Natoa cha kwanza katika cha pili,
kinachobaki ndicho mali.
Miaka tisa hapa Tororo, jabali mgongoni,
vumbi jeupe kwenye kope,
na hesabu yangu haijawahi kurudishwa.

Hii imerudishwa.

Haijarudishwa, anasema Nyaketcho kwenye simu,
haijapelekwa hata, usinitangulie.
Mwanasheria kaitazama tu, akatikisa kichwa.
Mke wangu amebadili kazi.
Katoka makao ya wazee, kuosha na kugeuza migongo ya watu,
kaingia hospitali, sare ya bluu, mshahara umepanda.
Siku ile nilinunulia soda zamu nzima.
Emojong alikunywa mbili.

Kumbe kupanda ni kuanza upya.
Wanataka miezi sita, mwajiri mmoja,
hati ya mshahara na kitabu cha benki
zisemezane mwezi kwa mwezi, peni kwa peni.
Au mwaka mzima, wa zamani na wa sasa,
na barua ya yule bosi wa kwanza
ambaye makao yake yameuzwa
na simu yake inaita
kama simu iliyosahauliwa ndani ya droo.

Na kati ya kazi na kazi kuna siku kumi na moja.
Zieleze, fomu inasema.
Mimi ningeweza.
Siku ya tatu aliugua kifua, tukaongea mpaka bando likakata.
Siku ya tano Mzimbabwe wa chumba cha pili
alimpikia posho ngumu, ya kukatwa kwa uzi,
akala amesimama, akalia.
Siku ya tisa hakupiga.
Siku ya kumi alituma karo ya mdogo wangu Owora
kama kawaida, tarehe ileile,
nami sikuuliza imetoka wapi.
Lakini mimi si benki.
Neno langu halina mhuri.

Na jina lenyewe, Nyaketcho!
Kwetu ni mtoto aliyezaliwa msimu wa njaa.
Mama yake alimzaa ghala lina panya tu,
na panya wenyewe wamekonda.
Mwenye jina hilo ndiye anaulizwa leo
kama ataweza kunilisha.

Kijijini wanasema: mwanamume gani
anadhaminiwa na mkewe?
Nawajibu hata lori
halijipimi.
Wanacheka. Nami nacheka.
Nikifika nyumbani sicheki.

Hati ya tatu imeingia leo.
Nimeichapisha kwa Nyadoi, karibu na soko, shilingi mia tano.
Wino ukafifia palepale penye jina la mwajiri,
nikamwomba arudie, akarudia bure,
akasema, mzee, hii karatasi unaishika kama yai.
Zimebaki tatu.
Nimeitia kwenye bahasha ya khaki pamoja na picha za harusi.
Hizo nazo ushahidi, eti,
ingawa mvua ilitupiga siku ile
na katika zote nne
tumefumba macho.

Usiku, lori la mwisho likishapita,
nilipanda mwenyewe kwenye sahani ya mzani.
Mzani wetu huhesabu ishirini ishirini,
haujui vitu vidogo.
Wiki jana zahanati ilinipima sitini na nane.
Emojong akachungulia dirishani:
Sitini.
Nikainua bahasha juu ya kichwa, sijui kwa nini,
kama mtu anayevuka mto na nguo zake.
Na sasa?

Sitini, akasema.
Ongeza kitu.